Sahani Iliyotoka kwa Jina Langu

Kwa miaka mingi kulikuwa na mwanamke huko Majengo akila kwa ajili yangu. Sikumjua, hakunijua, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama naridhia. Kila Ramadhani ikiingia, mamangu hupika, hupakua sahani moja kabla ya nyingine zote, huifunika kwa kawa na kumpa ami yangu aipeleke. Hiyo ndiyo iliyokuwa fidya yangu. Mtu asiyeweza kufunga kwa maradhi yasiyotarajiwa kupona humlisha maskini kwa kila siku anayokula. Ndivyo dini ilivyomrahisishia mgonjwa, nami sina ugomvi na dini. Ugomvi wangu ni na wale walioamua kwamba mgonjwa huyo ni mimi, wakaliamua hilo nikiwa kitoto cha meno ya maziwa, wasirudi tena kuuliza.

Nilizaliwa na moyo wenye kasoro. Ulikuwa na tundu, na njia ya kupeleka damu mapafuni ilikuwa nyembamba, basi midomo na kucha zangu zilikuwa na rangi ya zambarau. Nikitoka nyumbani kwetu Kibokoni kwenda dukani hapo kwenye kona, ilibidi nichuchumae njiani mara kwa mara mpaka pumzi irudi. Nikapelekwa India, nikapasuliwa, tundu likazibwa, njia ikapanuliwa, nikarudi na kucha nyekundu kama za watoto wenzangu. Kabla ya safari ile mtaa mzima ulinisomea Yasini, wanaume msikitini na wanawake ukumbini kwetu. Nawashukuru, na wengi wao wameshatangulia, Mungu awarehemu. Lakini waliobaki wanajiona wana hisa katika kifua changu. Nikipita barazani, kabla ya salamu kukamilika, mtu ameshauliza, "Moyo waendaje?" Siulizwi kazi, siulizwi usingizi, siulizwi hata huyo mama ninayeishi naye. Naulizwa moyo, na kwa sauti ya kufikia upande wa pili wa kichochoro.

Nafanya kazi katika duka la ami, Biashara Street, tunauza leso na vitambaa. Nalijua duka lile kuliko yeye. Nazijua doti zitakazotoka wiki hii na zitakazolala mpaka ziingie vumbi, najua mteja anayetafuta na anayekuja kupunga upepo wa feni. Lakini mimi ndiye ninayekatazwa kuinua robota, kupanda ngazi, kusimama sana, kucheka sana. Nikikohoa, duka zima linanyamaza. Siku moja nilitoka kwenda Marikiti kununua ndimu na kotimiri, nikarudi nimefuatwa na hamali aliyetumwa na ami anibebee. Ndimu na kotimiri! Yule hamali alikuwa na gunia la viazi mgongoni, akaongezewa mfuko wangu mkononi, naye akanitazama kwa huruma. Nilitamani ardhi ipasuke.

Na nikilalamika, jibu ni moja tu: shukuru. Shukuru umepona. Shukuru wenzako walikufa. Nimelishwa neno hilo mpaka nikakinai. Nashukuru, wallahi nashukuru, ila sijui ni kwa nini anayeshukuru hana ruhusa ya kukasirika. Ukikatwa kidole tumbo ukapona, hakuna atakayekuambia miaka ishirini baadaye ushukuru kila unapotaka kupanda ngazi.

Wala sisemi mimi ni sawa na kila mtu. Nina kovu lililoanzia chini ya koo likashuka katikati ya kifua, na kila nguo ninayoshonewa fundi huambiwa apandishe shingo. Nikipanda ngazi za nyumba yetu, ambazo ni za zamani na zimesimama wima, nikifika juu nakaa kidogo. Nikitaka kung'oa jino, lazima nimeze dawa kwanza, vijidudu visije vikaingia kwenye damu vikafika moyoni. Kuna valvu inayovuja, na huenda siku moja ikahitaji kubadilishwa. Kila mwaka napimwa. Hayo ndiyo maisha baada ya kupasuliwa, nayajua, nayabeba mwenyewe. Nisichoweza kukibeba ni yale mengine niliyoongezewa na watu.

Sasa nije kwenye posa.

Kulikuwa na kijana anayefanya kazi ya kutoa mizigo bandarini. Alianza kuja dukani kumnunulia mamake leso, akaja tena kumnunulia khalati yake, dadake mamake, na mara ya tatu sikuamini kuwa ukoo wake una wanawake wengi kiasi hicho. Nilimpenda. Nalisema wazi kwa sababu kwetu watu husema "tulizoeana" na mimi nimechoka kupunguza mambo. Kovu nilishamwambia, akasema basi, kovu si kitu. Siku moja ya Shaaban, mwezi mmoja kabla ya Ramadhani, mamake alikuja nyumbani na yule khalati kuzungumza na mamangu. Halwa ikatolewa. Mimi niliambiwa nilete kahawa, nikasimama nyuma ya pazia na sinia mkononi nikingoja mazungumzo yapungue.

Mamake akasema kwa upole kabisa, kama anayeulizia hali ya hewa, "Twasikia mwanetu huyu yuwatolewa fidya."

Nikangoja mamangu aseme neno. Ilikuwa rahisi sana. Angesema mwanangu alipasuliwa akiwa mdogo, sasa yuko salama, yuwafanya kazi, yuwapanda na kushuka ngazi kila siku. Angesema chochote kile.

"Ni kweli," mamangu akasema. "Moyo wake si wa kutegemewa."

Nikaingia na kahawa. Wakanipokea kwa tabasamu, wakanywa, wakaisifu halwa, wakaniombea afya, wakaondoka. Kwetu posa haivunjwi kwa maneno, hunyamaziwa mpaka ikafa. Yule kijana aliniandikia kwenye simu, "Mama amesema tungoje kidogo." Sikumjibu. Mwanamume mzima, anayebishana na maofisa wa bandari kutwa kucha, kwa mamake hana ulimi. Nilikuwa na hasira naye, lakini haikufika hata robo ya ile niliyokuwa nayo kwa mamangu, maana wiki ile mamangu alikuwa na furaha. Alipika akiimba chini kwa chini. Nilipomuuliza kilichomfurahisha, alisema, "Afadhali. Mume angekuchosha. Na kuzaa je? Ungezaa kwa moyo upi?"

Sikula chakula cha usiku ule, na kwa hasira niliyokuwa nayo ningeweza kuvunja kila kikombe kabatini.

Miadi yangu ya kupimwa ilikuwa karibu. Mamangu hunisindikiza kila mara, na tukiingia kwa daktari yeye ndiye anayejibu. Yuwalala vyema. Hali chumvi. Hachoki sana. Mimi hukaa pembeni na mkoba wangu kama niliyemsindikiza yeye. Safari hii nilimwambia miadi imesogezwa mbele, nikaenda peke yangu. Daktari ni mwanamke wa Taita, si mtu wa maneno mengi. Akanipaka ile dawa baridi kifuani, akaangalia picha ya moyo kwenye kioo, akapima alichopima. Kisha nikamuuliza swali ambalo sikuwahi kuliuliza kwa kinywa changu.

"Naweza kufunga?"

Akageuka. "Kwani hufungi?"

"Natolewa fidya."

"Nani alikukataza?"

"Nyinyi."

"Sisi wa lini?"

Nikamweleza. Nilipotoka India, daktari alimwambia mamangu mtoto asishindishwe na njaa wala kiu mpaka apate nguvu. Akasikiliza mpaka mwisho. Akaniambia ushauri ule ulikuwa wa haki kwa mtoto aliyetoka kupasuliwa, na kwamba mtu mzima aliyekaa mbele yake ni habari nyingine. Valvu inavuja lakini moyo una nguvu zake. Kidonge changu cha kila siku nikimeze wakati wa daku, maji ninywe ya kutosha kuanzia futari, na nikihisi kizunguzungu au moyo kwenda mbio nifungue papo hapo, nisijitie ushujaa. Nikamuuliza na kuzaa. Akasema inawezekana, kwa uangalizi wa karibu, ila tuzungumze kabla na si baada. Nilishuka ngazi za hospitali, nikakaa kwenye ile ya mwisho, mkoba magotini. Mtu angeniona angedhani nimepewa habari mbaya.

Maana hesabu yake ilinijia yote kwa pamoja. Kila Ramadhani tangu nilipovunja ungo nimekula mchana jikoni, dirisha limefungwa jirani wasisikie harufu. Nimekula kama mwizi. Wasichana wenzangu wakilalamika kiu, wakilinganisha nani kaishiwa na nguvu zaidi, mimi nanyamaza. Futari ikitandikwa, nakaa na waliofunga nikiwa nimeshiba, natafuna tende isiyo na maana yoyote. Na Idi ikifika watu wananipongeza kwa kunionea imani. Yote hayo kwa sababu ya ushauri aliopewa mama wa mtoto ambaye kitambo ameshakua.

Ramadhani ikaingia. Siku ya kwanza nilikula daku chumbani kwangu, nikatia nia. Adhuhuri nilipofika nyumbani kutoka dukani, mamangu akaniita jikoni. Dirisha lilikuwa limeshafungwa, na juu ya meza kulikuwa na wali, mchuzi wa samaki na glasi ya maji ya ndimu.

"Nimefunga," nikasema.

Alidhani namfanyia mzaha. Alipoona si mzaha, akaishika ile glasi akaniletea mdomoni, hivi hivi, kama anavyonyweshwa mtoto anayekataa dawa. "Fungua sasa hivi. Wataka kuniua?"

"Daktari ameniruhusu."

"Daktari gani? Daktari ndiye aliyekuzaa?"

Akampigia ami simu. Ami akafunga duka, siku ya kwanza ya Ramadhani ambayo wanawake wameshaanza kutafuta leso za Idi, akaja mbio. Akakaa, akajifuta jasho, akaanza kunisomea kwamba dini ni nyepesi, Mungu hamtwishi mtu asichoweza, na kwamba yeye mwenyewe alimuuliza sheikh.

"Ulimwambia nini sheikh?" nikamuuliza.

"Nilimwambia una maradhi ya moyo yasiyopona."

"Lini?"

"Ulikuwa mdogo."

"Na tangu hapo?"

Alitazama dirisha lililofungwa. Hawa ni watu ambao wakitia shaka juu ya udhu wao huenda wakatawadha tena, na wakisahau rakaa huuliza msikiti mzima. Lakini juu yangu mimi waliuliza mara moja, wakaridhika. Nikamwambia hivyo hivyo. Nilisema, "Ami, hata jokofu la nyumba hii huitiwa fundi likatazamwa kila mwaka." Sauti yangu ilikuwa juu, na sikuwa nimewahi kumpandishia sauti. Hakunikaripia. Akanyanyuka akasema anarudi dukani.

Tukabaki mimi na mamangu. Nilidhani atalia, kwani ndiyo silaha yake, na nilikuwa nimejiandaa. Hakulia. Akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi na kusema akitazama sakafu.

"Wewe hukuwako. Ulikuwa umelazwa usingizi. Mimi nilikaa nje ya ule mlango tangu asubuhi, sijui lugha yao, kila anayetoka namtizama uso. Nikaona siwezi. Nikamwambia Mungu, basi, nshakutolea, mtwae. Nilikutoa mwanangu. Nikapoa. Kisha wakaja kuniambia u hai. Tangu siku hiyo naona si wangu. Naona nimeazimwa, nitakuja kutakwa nirudishe."

Nilimhurumia. Ni mamangu, babangu alifariki akamwachia mzigo wote, na mlango ule alikaa peke yake. Nilimhurumia na hasira haikupungua hata tone. Kwa sababu yeye alipopoa, mimi ndiye niliyeishi ndani ya ubaridi ule. Nilimwambia, "Mama, uliniomba nipone, nikapona. Kisha ukakataa kunipokea." Nikaona maneno yamemchoma, na sikuyarudisha.

Alasiri alipika kama kawaida. Akapakua sahani ya kwanza, akaifunika kwa kawa. Mkono wake ulienda wenyewe. Nikaichukua.

"Leo napeleka mimi," nikasema. "Nataka kumwambia huyo mtu kwamba mimi nafunga."

"Utaanguka njiani!"

"Nitaanguka basi."

Akavaa buibui akanifuata. Aliniita tuktuk, nikakataa. Tulikata vichochoro, tukapita nyuma ya Marikiti ambako mahamali walikuwa wakiteremsha matikiti ya futari, tukashika njia ya Majengo. Nilitembea kwa mwendo wangu, nikipumzika kivulini nilipotaka, kama daktari alivyoniambia. Mamangu alikuwa nyuma akinihesabia pumzi, na aliyekuwa akihema ni yeye. Kila nikigeuka alisema, "Mimi sina kitu, wewe je?" Hata hapo nilikasirika. Mwanamke yule angekufa kwa uchovu kabla ya kukubali kuwa mimi sijachoka.

Nyumba, ya vyumba vya kupangisha na mlango wa bati, tuliifahamu kwa maelezo ya ami kwenye simu. Nilitarajia kizee. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa Kaloleni kwa usemi wake, mguu mmoja umekunjika goti halinyooki, anasuka ukili mlangoni. Tukaamkiana. Akaitambua ile kawa kabla ya kunitambua mimi.

"Leo yule mzee hakuja?"

"Leo nimeleta mimi."

Akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka ndani, akarudi. "Mungu awajalie. Na mgonjwa wenu, anaendeleaje?"

"Mgonjwa gani?"

"Yule bibi wa fidya. Maskini, miaka yote hiyo kitandani." Akatikisa kichwa. Alikuwa anasema kweli, uso wake ulikuwa na huruma isiyo na unafiki. "Mimi sina cha kuwalipa, nina dua tu. Kila siku nikimaliza kula namwombea. Namwambia Mungu, mja wako huyu ameteseka vya kutosha, mpumzishe."

Ramadhani nzima, mwaka baada ya mwaka, chakula cha mamangu kimeliwa, na aliyekila akainua mikono kuniombea nife. Na hakukosea. Ndivyo alivyoambiwa. Sahani inayotoka kila siku, miaka yote, bila kukatika, mtu yeyote angeelewa hivyo.

"Ndiye mimi," nikasema.

Akanitazama kuanzia uso mpaka miguu, mpaka kwenye viatu vyangu vilivyojaa vumbi la njia. Akacheka kidogo, akaona sicheki, akajiziba mdomo. "Wewe? Niliambiwa ni moyo. Nikajua hainuki. Nisamehe, mwanangu, nisamehe, sikujua."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nyuma yangu mamangu alikuwa ameshika mwimo wa mlango, anavuta pumzi. Nilijua amesikia kila neno. Nilingoja aseme lile alilolisema mbele ya halwa na kahawa, kwamba moyo wangu si wa kutegemewa. Nilikuwa tayari kumwacha hapo hapo nirudi Kibokoni peke yangu.

"Huyu ni mwanangu," akasema. Akauachia mwimo, akasimama ubavuni mwangu. "Mwanangu ni mzima. Leo amefunga."

Yule mwanamke akamtazama, akanitazama mimi, akaitazama sahani ndani kwenye giza la chumba chake. Alikuwa na hesabu yake ya kufanya, na ilikuwa ya haki.

"Basi kesho hamleti?"

"Tutaleta," mamangu akasema. "Chakula utapata, na Ramadhani ijayo utapata. Lakini dua hiyo, tafadhali, usimwombee tena."